Siku Tano Kwenye Maji ya Charleston

Jumatano

Tumetoka Columbia kwenda Charleston, pwani ya South Carolina, saa moja asubuhi, mpwa wangu kashika usukani, mimi nina chupa ya chai miguuni. Ni mwendo wa saa mbili na kidogo, barabara pana, misonobari kila upande mpaka macho yanachoka. Mpwa wangu ni muuguzi na amechukua likizo ya siku tano anitembeze. Aliponiuliza nataka kuona nini Marekani, nikamjibu Fort Sumter, ngome ya kale mlangoni mwa bandari ya Charleston. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, wageni wangu wote huwa wanataka maduka."

Nimweleze na msomaji. Nilifanya kazi bandarini Tanga miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo kwenye tagi, boti ya kuvuta vyombo, kuvuta matishari ya mizigo baina ya gati na meli zilizotia nanga nje. Na mtu wa Tanga hukua na kisa kimoja. Novemba 1914 Waingereza walileta watu wapatao 8,000 kutoka India, wakawashusha Ras Kasone, na Wajerumani pamoja na askari wao, hawazidi sana 1,000, wakawarudisha baharini. Watoto tulisimuliwa habari za nyuki. Nyuki walikuwapo kweli, na hawakuchagua bendera. Lakini mzee aliyenifundisha kazi ya tagi hakuwataja nyuki hata siku moja. Yeye alikuwa akisema vita ile iliharibika siku manowari ya Waingereza ilipotangulia kuingia ghubani kupeleka taarifa kwamba tunakuja. Niliposoma habari za Sumter, miaka mingi baadaye, nikasema huyu mzee angecheka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianzia kwenye ngome hiyo, 12 Aprili 1861, saa kumi na nusu alfajiri, watu wa Kusini, majimbo yaliyojitenga, walipoipiga mizinga. Meja Robert Anderson wa serikali akasalimu amri siku ya pili yake. Tangu hapo Kaskazini, upande wa serikali, ikawa inaitaka irudi kwa udi na uvumba. Ninachokifuata mimi ni usiku mmoja tu katika habari yote hiyo: wa tarehe 8 kuamkia 9 Septemba 1863, mabaharia walipotumwa na mashua kwenda kuichukua.

Mji wa Charleston umekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya mito miwili, Ashley na Cooper. Tumefika maji yamejaa, na mtaa wa pili kutoka tulikofikia una maji ya vifundoni, wala hakuna tone la mvua. Yamepanda kutoka kwenye mifereji. Bamvua, yaani maji yaliyojaa kupita kawaida. Mwanamke mmoja alikuwa akikatiza katikati yake, viatu mkononi, anaongea na simu yake kama hakuna kitu. Nikafurahi. Mji unaojua bahari ni yake.

Jioni tukaenda bustani ya White Point, kwenye ncha kabisa ya mji, ina miti mikubwa na mizinga ya kila namna. Nilikuwa nautafuta mmoja. Una umbo la chupa ya soda, mnene nyuma, unajibana kuelekea mdomoni. Nikaushika, chuma bado kina joto la jua. Huu ulikuwa wa manowari ya Kaskazini iliyoitwa Keokuk, iliyovishwa chuma. Tarehe 7 Aprili 1863 Keokuk ilijisogeza mno karibu na Sumter, ikapigwa kama mara 90, na asubuhi yake ikazama kwenye maji mafupi mbele ya Morris Island. Watu wa Kusini wakawa wanakwenda usiku, maji yakipwa, kufungua paa la chuma na kung'oa mizinga yake miwili, kila mmoja una zaidi ya tani 7, na manowari za adui ziko kule nje zimetia nanga. Wakaitoa yote miwili. Mimi nimewahi kutoa mzigo majini kwa winchi na taa na watu wa kutosha, na bado tulitukanana usiku kucha.

Aliyeubuni mzinga wa aina hii ni John Dahlgren. Na Dahlgren huyo huyo, miezi mitatu baadaye, ndiye aliyepewa manowari zote zilizokuwa mbele ya Charleston.

Mzinga si kitu pekee kilichookolewa kwenye Keokuk. Walipata pia ufunguo wa ishara, ule wa kusoma bendera na taa ambazo manowari na kambi za nchi kavu zilikuwa zikipeana habari. Msomaji aliweke hilo kichwani mpaka Ijumaa.

Kutoka ukutani Sumter inaonekana mbali mlangoni mwa bahari, mstari mweusi juu ya maji. Mpwa wangu akasema, "Ndiyo ile tu?"

Alhamisi

Leo tumekosa boti, na kosa ni letu wenyewe. Boti za kwenda Sumter zinaondoka sehemu mbili: moja Liberty Square hapa mjini, nyingine Patriots Point, ng'ambo ya mto Cooper. Tiketi zetu zilikuwa za ng'ambo. Sisi tumesimama Liberty Square dakika ishirini na tano tunakula karanga, mpaka kijana wa getini akazisoma na kutuonyesha daraja kwa kidole. Tulipofika upande wa pili boti ilikuwa imekwisha geuza pua. Mpwa wangu alitaka kulia. Nikamwambia, mwanangu, hapa walishindwa watu wenye manowari na maadmirali, sembuse sisi wenye karanga. Akanunua tiketi nyingine, za kesho, za Liberty Square.

Kwa kuwa tulikuwa upande huo tukaenda Sullivan's Island, kwenye Fort Moultrie. Zamani meli zilizoleta Waafrika watumwa zilikuwa zikisimamishwa hapa, watu wanashushwa wanawekwa karantini kwenye nyumba za wagonjwa, ndipo wavushwe kwenda kuuzwa mjini. Kuna ukumbi mmoja kwenye jengo la wageni unaoeleza. Nilitoka mapema kuliko nilivyoingia kwa hamu.

Ukisimama juu ya ukuta wa Moultrie ndipo unapoelewa mlango wa Charleston ulivyo. Huku Moultrie, kule Morris Island, katikati Sumter, na ndani zaidi Fort Johnson kwenye kisiwa kingine. Chombo kinachoingia kinapita katikati ya macho ya watu wote hao. Na chini kuna mafungu ya mchanga. Maji yanabadilika rangi, kijani, kahawia, tena kijani. Nahodha anayasoma hayo kabla hajasoma ramani.

Tarehe 7 Septemba 1863 Dahlgren alifanya mambo mawili ambayo mzee wangu wa Tanga angempokonya usukani. La kwanza, alituma ujumbe wa kuitaka Sumter isalimu amri. Jenerali Beauregard wa Kusini akajibu kwamba ataipata akiweza kuichukua na kuishika. Basi kama kule ndani kulikuwa na mtu aliyedhani hakuna atakayekuja, usingizi ukamruka. La pili, aliipeleka manowari Weehawken kwenye mkondo mwembamba kati ya Sumter na Morris Island, ikapanda fungu. Maji yakapwa, chombo kikabaki kimelala pale.

Kutwa nzima ya tarehe 8 ilikuwa ni kuilinda Weehawken isivunjwevunjwe. Manowari nyingine zikasogea zikapigana na Moultrie hii niliyosimama juu yake. Weehawken yenyewe, imekwama hivyo hivyo, ilipiga kombora likagonga mdomo wa mzinga mmoja wa hapa na kuruka mpaka kwenye akiba ya baruti; watu 16 wakafa papo hapo. Mwishowe maji yakarudi, ikanasuka. Na jioni ya siku hiyo hiyo, mabaharia wamechoka, manowari zina makovu, ndipo ilipotoka amri kwamba usiku mashua ziende Sumter.

Chakula cha mchana: kamba juu ya uji mzito wa mahindi meupe. Kwangu ni ugali uliokosa maji ya kukauka, lakini kamba walikuwa wazuri, nikaramba sahani.

Ijumaa

Tumechukua boti ya kwanza ili niwahi sala ya Ijumaa mjini. Ina faida nyingine: abiria wa boti ya kwanza huitwa kusaidia kupandisha bendera ya ngome. Tulishika kitambaa watu kama ishirini, kisiguse chini, mpwa wangu upande mmoja na mzee wa Kimarekani mwenye fimbo upande wa pili. Yule mzee akamuuliza ametoka wapi. Akasema Tanga. Mzee akasema ahaa, kwa namna ya mtu asiyejua kabisa ni wapi.

Njiani nilikaa mbele peke yangu. Ni nusu saa na kidogo. Maji yalikuwa yanakaribia kujaa, upepo mwepesi, na ngome inakua polepole mpaka inakuwa ukuta wa matofali uliokatwa kichwa. Ilikuwa na orofa tatu, kimo cha futi 50, kuta nene futi 5, pembe tano, juu ya kisiwa ambacho si kisiwa: mwaka 1829 walianza kumwaga mawe pale kwenye fungu, granaiti kutoka majimbo ya kaskazini, tani kama 70,000, mpaka pakapatikana mahali pa kujenga. Sasa imebaki orofa ya chini tu, na katikati limekaa jengo jeusi la zege la 1899 ambalo mimi ningeliondoa.

Tarehe 17 Agosti 1863 mizinga ya Jenerali Quincy Gillmore, kamanda wa jeshi la nchi kavu la Kaskazini, ilianza kuipiga kutoka Morris Island. Kufika Septemba mizinga ya Sumter karibu yote ilikuwa kimya na kuta zimelala. Tarehe 4 wakaondolewa wapiga mizinga, wakaletwa askari wa miguu, zaidi ya 300, chini ya Meja Stephen Elliott. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 watu wa Kusini wakaiacha pia Battery Wagner, ngome yao ya mchanga, na Morris Island yote ikawa ya Kaskazini. Ukitazama kutoka kwenye sitaha ya manowari, unaona lundo la kifusi na bendera juu yake. Dahlgren alimwambia Thomas Stevens, aliyempa kuongoza mashua, kwamba mle hamna zaidi ya askari wachache na koplo wao. Ni kwenda na kuingia.

Sasa kaa hapa kidogo, maana ndipo penye uhondo.

Siku hiyo hiyo, Gillmore naye alikuwa anapanga kuichukua Sumter usiku huo huo. Kwa mashua zake, na watu wake. Wawili hawa wakajua habari hiyo mchana, wakaanza kupelekeana ujumbe kwa ishara. Je, tuunganishe? Vizuri, tuunganishe. Nani atakuwa mkubwa? Mwenye majeshi ya nchi kavu anataka wa nchi kavu, mwenye manowari anataka baharia. Hawakukubaliana. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa chombo hakijaondoka bado. Na kumbuka ule ufunguo wa Keokuk: maneno hayo yote, ya wewe ama mimi, saa ngapi na usiku gani, yalikuwa yanasomwa na watu wa Kusini. Wakaipa habari Moultrie, wakaipa Fort Johnson, wakaipa manowari yao Chicora. Elliott akawaweka watu wake kwenye kuta mapema.

Usiku tagi iitwayo Daffodil ikachukua mashua 25 hivi, zenye mabaharia na wanamaji zaidi ya 400, ikazivuta kuelekea ngomeni.

Jambo hili nalijua kwa mikono. Matishari mawili usiku, kwenye maji ya nyumbani, na kila mtu anamjua mwenzake, ni kazi. Kamba ikiwa ndefu, cha mwisho kinakwenda kinakotaka mkondo, si unakotaka wewe. Ukipunguza mwendo vinakuja kukugonga. Ukiongeza, kamba inakaza na kulia. Mashua 25 zenye watu waliotolewa kwenye meli mbalimbali jioni ile, wengi hawajawahi kukaa pamoja kwenye kasia moja, na wa mashua ya kumi hajui wa mashua ya tano ni nani. Ukizifungua kwenye mkondo gizani, baada ya dakika tano hakuna tena mstari. Kuna mashua hapa na mashua kule.

Stevens alikuwa na mpango. Kundi moja, la Luteni Francis Higginson, lizunguke upande wa kaskazini-magharibi kuwahadaa walinzi. Wengine wasubiri, halafu wapige makasia moja kwa moja. Higginson akaondoka. Waliobaki wakamwona anaondoka wakadhani ndiyo amri ya wote. Wakaenda. Kila mashua kivyake, hakuna wa kuzirudisha.

Nilimwomba askari wa hifadhi anionyeshe ni upande gani walitua. Kijana mpole, akatupeleka ukuta wa kusini na kusini-mashariki, akaashiria chini. Kwa mbali kifusi kilionekana kinashuka kama ngazi mpaka majini. Kwa karibu hakikuwa hivyo. Mabaharia waliofika walikuta chini ya ukuta penye mawe makubwa yenye utelezi, juu yao kitu cha kupanda kwa ngazi, na ngazi hawana. Ndipo ukuta ukaamka. Bunduki kutoka juu, mabomu ya mkono, na zaidi ya yote, matofali. Mizinga ya Gillmore ilikuwa imefanya kazi wiki tatu kuigeuza ngome kuwa matofali yaliyolegea, na sasa yanarudi, moja moja, juu ya vichwa vya wenzake. Roketi ikarushwa, na Moultrie, Fort Johnson na Chicora zikaanza kupiga maji yanayoizunguka ngome, pale pale palipokuwa pamekwisha kupimwa. Mashua zilizokuwa bado nyuma zikaona hivyo zikageuza. Walioshuka hawakuwa na cha kupandia wala cha kurudia.

Dakika ishirini hivi, imekwisha. Kaskazini: 8 wamekufa, 19 wamejeruhiwa, 105 wametekwa, na mashua tano zimebaki mikononi mwa adui. Kusini hakufa mtu.

Mpwa wangu alikuwa ameinama ukutani, simu imewashwa taa. "Mjomba, njoo uone." Kwenye tofali moja, usawa wa kiuno, kuna alama nne za vidole, zimezama kama kwenye ugali uliopoa. Kijana wa hifadhi akasema ziko nyingi ukizitafuta. Matofali ya huku yalifinyangwa na watumwa kwenye mashamba ya kando ya mito, wakubwa na watoto. Mtu alilinyanyua tofali likiwa bichi, likaanikwa na vidole vyake, likachomwa navyo. Mpwa wangu akaweka vyake juu. Havikujaa. Mikono ya mtu mkubwa, basi. Hatua chache kutoka hapo kuna kombora limenasa ukutani mpaka leo, limeonyesha kitako tu.

Nikawauliza hawa wa Kusini walitengenezaje upya ngome inayopigwa kila siku. Jibu nililitarajia. Usiku vyombo vilileta mchanga na magogo kutoka mjini, na watumwa wakawa wanajaza matundu gizani huku makombora yanaendelea. Kwa karibu miezi ishirini ilipigwa chuma chenye uzito wa kilo milioni 3 na ushee. Ngome ikazidi kuwa ngumu, maana kifusi na mchanga vinameza kombora kuliko ukuta. Kaskazini haikuichukua kamwe kwa nguvu; watu wa Kusini waliiacha wenyewe 17 Februari 1865, majeshi ya Jenerali Sherman wa Kaskazini yalipopita bara na kuuweka mji mtegoni. Tarehe 14 Aprili Anderson akarudishwa, mzee na mgonjwa, akapandisha bendera ile ile aliyoishusha. Usiku huo, Washington, Rais Lincoln akapigwa risasi.

Nimewahi sala. Khutba ilikuwa ya Kiingereza na fupi. Nje mzee mmoja Msudani akanipa tende.

Jumamosi

Sikutaka kuondoka bila kuona upande wa Gillmore. Morris Island hakuna daraja wala nyumba, lakini ukienda mpaka mwisho wa Folly Island, ukaacha gari na kutembea kidogo mchangani, unaiona ng'ambo ya mlango mdogo. Tulikwenda alasiri, maji yakipwa. Mnara wa taa uliojengwa 1876 juu ya nchi kavu sasa umesimama baharini peke yake. Ufukwe umeondoka chini yake. Battery Wagner nayo imeliwa na maji. Pale, 18 Julai 1863, ndipo kikosi cha 54 cha Massachusetts, Waafrika-Wamarekani, kilipopanda ukuta wa mchanga chini ya moto na kumpoteza kanali wake, Robert Gould Shaw. Aliyeiokoa bendera yao, William Carney, alipewa nishani ya juu ya nchi mwaka 1900, ameshazeeka. Mahali penyewe huwezi hata kusimama leo. Nimesimama nikatazama maji tu.

Lakini nililolifuata ni jambo la mikondo. Nyuma ya Morris Island, upande wa bara, ni kama kule kwetu kwenye mikoko, ila badala ya mikoko ni majani marefu, na mikondo inayojipinda kama nyoka. Maji yakiwa juu unapita popote; yakipwa unabaki na matope yenye chaza wakali wa kukata nyayo. Mashua za Gillmore za usiku ule zilikusanywa kwenye mkondo wa namna hiyo. Maji yakapwa, zikachelewa kutoka. Walipokuwa bado wanahangaika wakasikia mizinga na bunduki kule Sumter, wakajua wenzao wameshaanza na wameshamaliza. Wakarudi kambini.

Basi hata wangekubaliana nani mkubwa, nusu yao ilikuwa topeni. Na jedwali la maji kupwa na kujaa lilikuwapo. Mabaharia wa 1863 walikuwa na vitabu vya kupwa na kujaa kama mimi nilivyokuwa na changu, cha karatasi, kimeloa chai. Hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mtu anaweza kudanganywa kuhusu idadi ya adui. Maji hayamdanganyi mtu, yanatoa ratiba.

Mpwa wangu alivua viatu akaingia mpaka magotini, akapiga kelele: baridi. Tumeokota kombe mbili. Njiani tumepata wali mwekundu wa nyanya, wa Wagullah, wazao wa watumwa wa pwani hii, na bamia. Nilikula kimya, maana ulikuwa na harufu ya jikoni kwa mama yangu na sikutaka kumweleza mtu.

Jumapili

Asubuhi tumekwenda jumba la makumbusho la historia ya Waafrika-Wamarekani, lililofunguliwa Juni 2023 mahali palipokuwa gati ya Gadsden, walikoshushwa maelfu ya watumwa. Limeinuliwa juu ya nguzo, chini wazi, ili pale gatini pasikanyagwe na jengo. Hapo chini kuna maumbo ya watu waliolala, wamepangwa kama walivyopangwa melini. Siandiki zaidi.

Niandike habari ya Robert Smalls, kwa sababu ni jibu kwa mashua 25. Alizaliwa mtumwa Beaufort mwaka 1839, akawa mwendesha chombo kwenye meli ya mvuke ya Kusini iliyoitwa Planter. Usiku wa kuamkia 13 Mei 1862 wakubwa wazungu walikwenda kulala nyumbani. Smalls na wenzake wakawasha moto, wakapita gati nyingine kuwachukua wake na watoto, watu 16 kwa jumla, wakatoka. Akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama nahodha anavyosimama. Akapita ngome moja baada ya nyingine akipiga filimbi ya ishara inayotakiwa kila mahali, na Sumter ikamruhusu, kukiwa karibu kupambazuka. Alipotoka nje ya shabaha ya mizinga akapandisha shuka jeupe na kuwakabidhi Kaskazini meli pamoja na mizinga iliyopakiwa. Alikuwa na miaka 23. Alijua mikondo, alijua ishara, na hakumtumia mtu barua.

Huyo huyo ndiye aliyekuwa rubani wa Keokuk siku ilipopigwa mara 90. Nilipolisoma hilo ukutani nikarudi nyuma hatua mbili.

Na wale waliotekwa chini ya ukuta? Wawili nimebaki nao: Samuel Preston na Benjamin Porter, maluteni, vijana. Walifungwa, wakabadilishwa na wafungwa wa upande wa pili, wakarudi kazini. Tarehe 15 Januari 1865, Fort Fisher, North Carolina, mabaharia walitumwa tena kuivamia ngome kwa miguu kutoka ufukweni, na wote wawili wakauawa siku hiyo. Ngome ile ilitekwa, lakini na jeshi la nchi kavu, upande mwingine.

Kabla ya kuondoka tumepita tena White Point. Nimempigia simu rafiki yangu wa zamani wa tagi, kule Chumbageni, Tanga, ilikuwa usiku kwao. Nikamsimulia yote, ngome, mashua, kamba, wakubwa wawili, maji kupwa. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho akauliza:

"Na nyuki?"

Nikamwambia hapakuwa na nyuki. Matofali.

"Aa," akasema, na nikamsikia anavuta kiti. "Hebu anza tena hapo kwenye kamba. Nani alikuwa kwenye tagi?"